Nusu Mbili za Kitabu

Jumatatu, 4 Februari 2002

Somo la tatu tena. Mara ya nne hii. Nimekaa mlangoni kwa mama nipate mwanga, kamusi upande mmoja, daftari upande mwingine. Mistari kumi inanimalizia asubuhi nzima. Kompyuta yenyewe si ngumu kama watu wanavyotisha. Kiingereza ndicho kinachoniua.

Kitabu kinamfundisha mtu asiyejua kitu atengeneze kurasa za intaneti. Masomo kumi na nane. Mimi ninayo tisa ya mwanzo. Tisa ya mwisho anayo Rehema, Chang'ombe. Tulikinunua pamoja kwa wauza vitabu vya mitumba, wiki ile ile tuliyopewa barua za kupunguzwa kazi. Kilikuwa kimoja tu. Tukajaribu kupokezana, wiki kwake, wiki kwangu. Rehema akamaliza nusu nzima mimi bado nahangaika na utangulizi. Mwishowe akakipasua mgongo kwa kisu cha jikoni, akagandisha kurasa kwa gundi ya unga wa ngano. Huku anacheka. Mimi roho iliniuma kuona kitabu kinakatwa.

Miaka kumi na sita tulikaa chumba kimoja, mashine mbili, tukipiga chapa barua za wakubwa. Shirika likauzwa. Wenyewe wapya wakaleta kompyuta, wakasema kila mkubwa atajichapia. Huu ni mwezi wa saba hatuna kazi.

Jumatano, 6 Februari

Kwa Mzee Kessy. Ni mwalimu mstaafu, ana chumba cha intaneti karibu na stendi, kompyuta nne. Tunamchapia barua za wateja wake, naye anatupa saa moja moja ya kujifunzia.

Leo ukurasa wangu umekataa. Badala ya kichwa cha habari kikubwa, yakatoka maandishi yale yale niliyoandika, na mabano yake yote. Nikafuta, nikaandika upya. Vile vile. Robo tatu ya saa imepotea hivyo.

Rehema akainama begani kwangu. Hata hakukaa.

"Angalia jina la faili, Stazia. Limejiongezea mkia."

Kweli. Kompyuta ilikuwa imeongeza herufi zake mwisho wa jina. Nikaziondoa. Kichwa cha habari kikatokea, kikubwa, cheusi: jina la mama yangu. Nilitaka kulia kwa furaha. Dakika hiyo hiyo nilimchukia Rehema. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Yeye ana kichwa. Mimi nina vidole tu.

Jumapili, 10 Februari

Wiki ya tatu bila mvua. Hapa Nzuguni mahindi yamejikunja majani. Mama alienda shambani baada ya ibada, akarudi na jani kavu mkononi.

Ameniuliza hiki kitabu kitaisha lini.

Alhamisi, 14 Februari

Kuna kazi.

Mzee Kessy ameniambia. Shirika moja linalochimba visima vijijini linatafuta mtu wa kutengeneza kurasa zake na kuzitunza. Hawataki digrii. Watawakalisha watu kwenye kompyuta, wawaone kwa macho. Barua za maombi mwisho Jumatano ijayo, saa tisa na nusu alasiri. Nafasi moja.

Rehema hakuwepo. Mtoto wake mdogo ana malaria, wiki nzima hajatoka. Mzee mwenyewe anasafiri kesho kwenda Moshi kwenye msiba, atakaa wiki mbili.

"Mwambie na mwenzio," akasema.

Nikasema nitamwambia.

Ijumaa, 15 Februari

Sijamwambia. Nimejiambia mtoto anaumwa, si wakati wake.

Nafasi moja.

Jumatatu, 18 Februari

Asubuhi nimepeleka barua yangu kwa mkono. Karani akaigonga muhuri, akaitupia kikapuni na nyingine. Nikatoka moja kwa moja hadi Chang'ombe. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka kuona kama naweza kumtazama.

Niliweza.

Mtoto amepata nafuu, amekaa mkekani anakunywa uji. Rehema amekonda. Tangu mumewe afariki anawalea wawili peke yake, na shemeji zake hawafiki mlangoni. Alinipa chai, akaanza kueleza masomo yake kabla sijakaa vizuri. Amefika kwenye majedwali, namna ya kupanga mambo kwa safu na vyumba kama daftari la mahudhurio.

"Yana mtego haya," akasema. "Nikimaliza nakuletea, tubadilishane."

Nilitaka kumuuliza mtego gani. Majedwali nimejifunza kwa kuchungulia kurasa za watu, kitabu changu hakijafika huko. Lakini ningeuliza angeshangaa nina haraka gani, na uso wangu ungesema. Nikanywa chai. Nikamsifu mtoto kwamba amekua.

Njia nzima nilijisikia mchafu.

Jumatano, 20 Februari

Tangu asubuhi nilikuwa naangalia saa. Kutoka hapa hadi Chang'ombe si mbali. Ningeweza kwenda saa nne. Ningeweza saa sita. Hata saa nane, kama ningekimbia, angeandika barua kwa mkono tukaipeleka.

Nilikaa napembua kunde na mama.

Saa tisa na nusu ikapita. Nikapumua. Sasa hata nikitaka siwezi. Nimeona aibu kwa jinsi nilivyopumua.

Jumanne, 26 Februari

Majina yamebandikwa kwenye ubao wao. Tuko sita. Langu la tano. Mtihani Ijumaa.

Kwa Mzee Kessy yuko mkewe. Saa yangu nimetengeneza jedwali mara tatu. Mara zote limetokea. Safu zote, vyumba vyote. Sijakosea hata herufi.

Rehema alikuja nikiwa natoka. Amefurahi kunikuta. Akaniambia naonekana mchovu, nisijiue kwa kusoma, kitabu hakikimbii.

Ijumaa, 1 Machi

Nimeshindwa. Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye.

Chumba kikubwa, feni, kompyuta sita. Msimamizi mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akatupa karatasi. Tutengeneze ukurasa wenye orodha ya vijiji na visima vyake, ndani ya jedwali, na picha moja juu. Saa moja.

Nilichapa kuliko wote. Nilisikia kibodi za wenzangu zinakohoa huku yangu inatiririka. Miaka kumi na sita ile. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika kumi, nikajisikia mtu tena. Nikafungua ukurasa niutazame.

Mweupe.

Hakuna kijiji, hakuna kisima, hakuna picha. Nikafungua tena. Mweupe. Nikasoma maandishi yangu mstari kwa mstari, kila neno lipo. Kompyuta zao zinasomea kurasa kwa programu nyingine, si ile ya kwa Mzee Kessy. Hilo niliona. Zaidi ya hilo sikujua kitu.

Yule mama akasimama nyuma yangu.

"Ndiyo ukurasa wenyewe huu?"

"Nimeandika yote, mama. Yapo humu ndani."

Akasogeza miwani machoni, akatazama ule weupe muda mrefu. Nadhani alinihurumia.

"Muda umekwisha, dada."

Nimerudi kwa miguu hadi Nzuguni. Mama aliuliza, nikasema kichwa kinaniuma. Nimelala mchana wote.

Jumatatu, 4 Machi

Kazi amepewa mwanaume mmoja kutoka Morogoro. Kwamba si mimi, hilo nililijua. Kibaya kimekuja baadaye.

Mzee Kessy amerudi. Tulikuwa mimi na Rehema, kila mtu na barua ya mteja. Akaingia na kofia mkononi, tukampa shikamoo na pole ya msiba, akaitikia. Halafu akauliza, kwa furaha kabisa:

"Enhe, mabinti, mtihani wa visima ulikuwaje?"

Rehema akageuka kwake. Halafu kwangu.

"Mtihani gani?"

Mzee akanitazama. "Stazia, hukumwambia?"

Nilikuwa na maneno mengi. Mtoto alikuwa anaumwa. Muda ulikuwa mfupi. Nilisahau. Rehema akachomoa disketi yake, akajifunga khanga vizuri, akamuaga mzee kwa heshima. Barua ya mteja akaiacha katikati ya sentensi. Niliimalizia mimi. Ilikuwa ya mtu anayeomba kiwanja.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda Chang'ombe. Nilimkuta uani anafua. Hakunikaribisha kiti, nami sikustahili.

Nikamwambia nisamehe. Akafikicha shati la mtoto, akalikamua, akalianika. Akachukua lingine. Kisha:

"Waliuliza nini?"

Nikamweleza. Jedwali, vijiji, picha. Jinsi ukurasa ulivyotoka mweupe.

"Hukulifunga jedwali," akasema. Bila kufikiri hata kidogo. "Mwishoni kuna alama ya kufungia. Kwa Mzee Kessy ukiisahau kompyuta inakusamehe. Nyingine hazisamehi, zinaficha ukurasa wote. Imeandikwa kwenye somo la kumi na moja."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji.

"Nilikwambia yana mtego, Stazia. Ungeniuliza tu. Ningekwambia hata bila kujua unakwenda wapi."

"Najua."

"Nina watoto wawili. Wewe una mama na shamba." Alisema taratibu, hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Sisemi ningeipata mimi. Pengine nisingeipata. Lakini ungeacha nishindwe mwenyewe."

Akainua karai, akamwaga maji, akaingia ndani.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani nimekaa nyuma. Wakati wa kutakiana amani nilitoka nje.

Jumamosi, 16 Machi

Rehema amehama. Jirani yake ndiye aliyeniambia, uchochoroni, kuku mkononi. Dada yake Rehema ana kibanda cha chakula Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, anapikia wapakiaji na madereva. Amekwenda huko na watoto. Chumba kimeshapata mpangaji mwingine, mlangoni kuna pazia nisilolijua.

Jirani akauliza, "Hakukuaga?"

Nikasema alikuwa na haraka.

Jumanne, 26 Machi

Kibaigwa. Nilipanda basi la asubuhi bila kumwambia mama ninakokwenda.

Soko limejaa malori. Watu wanabeba magunia wanakimbia, madalali wanagombana juu ya mizani, vumbi hadi kwenye meno. Nikauliza kwa mama ntilie watatu ndipo nikampata. Moshi, masufuria makubwa mawili, mabenchi yamejaa wanaume wenye pumba za mahindi nywele nzima. Rehema anapakua. Mikono imeungua viganjani, kuna alama mbichi mbili. Mikono iliyokuwa haikosei herufi.

Aliniona. Akaendelea kupakua.

Nilikaa pembeni. Wateja wakaja, wakaondoka, wengine wakaja. Dada yake akaniuliza ninakula nini, nikasema nasubiri. Sahani chafu zilikuwa zimejaa beseni. Nikavua viatu, nikachuchumaa, nikaanza kuosha. Hakuna aliyenikataza. Nimeosha sahani, vikombe, nikaanza sufuria la maharage lililoungua.

Rehema akapita na ndoo. Akasimama.

"Hilo anza na majivu," akasema. "Sabuni tupu haitoi."

Ndiyo maneno yote niliyopata. Saa tisa nikanawa, nikavaa viatu, nikamwambia dada yake naondoka. Rehema alikuwa amenipa mgongo, anampimia dereva ugali. Hakugeuka. Hakunifukuza pia. Kwenye basi nilijaribu kuhesabu kipi ni kikubwa kati ya hivyo viwili. Nikaacha.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua imerudi. Imechelewa. Mahindi yalishakauka kabla ya kubeba, tumeamua kukata mabua tuwape mbuzi, kabla hayajaoza. Mama mstari wake, mimi wangu.

Katikati ya kazi akaniuliza mbona Rehema haji siku hizi. Nikamwambia. Yote, tangu Mzee Kessy aliponiambia nimwambie mwenzangu, hadi Kibaigwa. Mengine hakuyaelewa, kompyuta na majedwali, lakini nadhani hayo hayakuwa na uzito. Aliacha kukata, akanisikiliza hadi mwisho, mundu mkononi.

Hakusema nimekosa. Hakusema sikukosa. Aliuliza tu wale watoto wanasoma shule gani huko. Nikasema sijui. Sikuuliza.

"Ungeuliza," akasema.

Tukaendelea kukata. Saa nane mawingu yakafunga tena upande wa Kongwa, tukabeba tulichoweza, tukawahi nyumbani kabla haijaanza kunyesha.