Maili Zilizomrudisha Papa

Kwako Mama, popote Mungu alipokuweka,

Jana pale uwanja wa ndege wa Entebbe msichana wa kaunta aliniuliza kama nina karte ya maili, ile kadi ya wasafiri. Nikaona ile yako tu, ya buluu, uliyokuwa ukiifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na rozari.

Ulikuwa ukienda Dubai kununua vitenge vya kuuza kwetu Butembo, na sisi tulidhani karte ile ni ya kanisa. Ukatucheka. "Batoto, kila mara napanda ndege, banaandika urefu wa njia. Zikiwa mingi, banakupatia safari moja bure." Mungu wangu! Nyanya, mama yako, alibeba mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka shambani mpaka sokoni miaka yote, na hakuna aliyemwandikia hata hatua moja.

Kisha vita vikaikata nchi vipande viwili. Papa, baba yetu mwalimu, alikuwa ameenda Kinshasa kufuatilia karatasi zake za kazi, akakwama huko miaka mitatu. Nchi ni moja, lakini barabara hakuna, ndege hakuna. Ilibaki kuzunguka nje kwa ndege: Kinshasa, Nairobi, Entebbe, halafu gari hadi mpakani Kasindi, Beni, ndipo nyumbani. Mwalimu angeweza wapi kulipa nauli hiyo? Mdogo wangu Kavira alimjua Papa kwa picha tu.

Maili zako zikatimia. Ukanichukua twende kwenye fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, ambako mtaa mzima ulikuwa ukisikiliza. Ukamwambia Papa kule Kinshasa: "Papa Masika, tiketi yako iko tayari. Franga hapana. Ni safari zangu ndizo zimelipa."

Papa akapiga kelele: "Safari inalipa safari? Nani alikununulia? Mwanaume gani? Mama Masika, unanidanganya!"

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulisema tu, "Uende kwa batu ba ndege, utaona." Jioni hukugusa chakula. Tulijua kwamba kiburi chake kikishinda, hatakuja.

Alikuja! Tulimpokea Beni, kule mtaa wa Mulekera, akishuka kwenye pikipiki, mwembamba, vumbi mwili mzima. Kavira alijificha nyuma yako. Papa alishangaa kuliko sisi sote: "Baliniuliza jina tu! Balinipa kiti, na kuku ya kula juu yake!"

Kesho yake, Butembo, hakungoja hata chai. Alikushika mkono mpaka kwenye ile fonie, akasimama mbele ya watu wale wale. "Munisikie bote. Huyu bibi yangu, Mama Masika, nilimuita muongo. Yeye ndiye alinirudisha kwa batoto bangu."

Wewe uliyemaliza miaka mitatu bila chozi, ulilia pale mpaka mwenye fonie akazima mashine.

Pumzika, Mama. Uliizunguka dunia ili Papa aweze kuvuka nchi yake mwenyewe, nami mpaka leo nashangaa.

Binti yako wa kwanza,
Masika