Picha ya Siku ya Tohara

Ndugu yangu Wafula,

Askari wa geti la gereza ametoka tena kutuambia umekataa kutuona. Mama alikunja leso yake, tukashuka mjini Kitale kutafuta gari la Bungoma.

Najua unachomkasirikia. Uliniambia mwenyewe siku ile ya mwisho: "Aliyewapa picha yangu asije hapa." Ati huko ndani wanakuita Matope. Basi leo nisikilize, na wengine wakisoma, wasome.

Unakumbuka picha ile ilivyopigwa? Asubuhi ya tohara, umetoka mtoni, umepakwa matope mwili mzima, unyasi umesimama utosini, kengele mkononi. Sisi dada zako tulikuwa tumekuchezea ngoma usiku kucha, miguu imevimba. Ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mpiga picha alituletea hiyo moja tu, nyingine alisema filamu iliharibika. Mama akaitundika pale nyumbani Mabanga, juu ya redio. Mgeni hakupewa chai kabla ya kuonyeshwa.

Halafu ikaja ile siku ya Kitale. Wewe na Simiyu, mwendeshaji mwenzako, mkagombania mteja kwenye steji ya baiskeli za abiria, ukashika spana. Sitakupamba, Wafula. Ulimpiga mtoto wa watu akafa, na mimi bado nakupenda, na yote mawili yananiuma.

Mwandishi wa gazeti alipokuja nyumbani alikuwa mpole, akavua kofia mlangoni. Akaomba picha yako. Mama alitoa ile aliyoipenda, si alikuwa na hiyo tu, akaipangusa vumbi kwa leso akamwambia, "Waone ni mtoto aliyelelewa." Alidhani Kenya nzima ikiona matope yale itajua ni siku ya heshima. Kwetu nani asiyejua? Kesho yake ulijaa ukurasa wa mbele, na juu ya kichwa chako, kwa herufi kubwa: MNYAMA WA KITALE. Redioni wakasema wewe ni wa genge la vijana wanaojipaka matope kabla ya kuua. Genge gani, bana? Mlikuwa wawili, na njaa yenu. Picha yenyewe haijarudi mpaka leo. Pale ukutani pamebaki alama.

Sasa hili hulijui. Wiki ile ile, mwanamke mmoja alifika kwetu kutoka Kachibora. Alikuwa Mama Simiyu. Tuliogopa, mjomba akataka kufunga mlango. Yule mama akasema hakuja kwa vita, amekuja kumwona aliyekuzaa. Mama akamkaribisha kiti. Gazeti lilikuwa pale mezani, naye hajui kusoma, akaliomba. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, mpaka kwenye habari za mpira. Akarudi tena mwanzo. Kisha akamwuliza Mama:

"Na wangu wamemweka wapi?"

Hakuwa popote. Waliandika tu "kijana mmoja". Jina lake hawakulitaja, wala mwandishi hakuwahi kufika Kachibora kuomba picha. Mama alimwambia hivyo, kwa sauti ndogo, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia, nikikulilia wewe na yeye Simiyu.

Kwa hiyo usimkasirikie Mama. Wakasirikie walioifanyia picha yako vile, nitakusaidia. Lakini yeye alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Jumapili tutakuja. Vaa ile sweta niliyokuachia kwa askari, najua baridi ya huko asubuhi. Huna haja ya kusema chochote. Mama Simiyu hana geti la kwenda kumngojea wake, mama yetu bado analo, na nguvu za kulifikia zinampungua. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya ile alama ukutani, akaniuliza kama bado una kile kidoti shavuni, ni la kulia au la kushoto. 

Hana picha yako nyingine. Toka akuone.

Ni mimi, dada yako mkubwa.