Habari Mbaya Kabla ya Chai: Mwaka Mmoja Bila Musili Mwololo

Baba Kavata, mwaka umezunguka tangu utuache, na kiti chako mezani bado hakuna kati yetu anayekikalia. Si kwamba tulikubaliana. Mtu akikikaribia tu, anavuta kingine.

Hapa Riruta ulikuwa yule jamaa wa kofia anayenunua ndizi kwa Njambi jioni bila kubishana bei. Mjini ulikuwa mshauri wa biashara, chumba kimoja ghorofa ya nne, lifti mbovu, na wateja wakapanda hivyo hivyo. Ulikuwa ukilaza simu kifudifudi, unamwacha mteja aongee mpaka aishiwe, halafu unamwambia kwa upole, "Sasa niambie ile ingine, ile hujaniambia." Na walikuambia.

Ulikuwa pia na sheria yako: habari mbaya husemwa kabla ya chai. Ulituambia mtu akishashika kikombe hawezi hata kulia vizuri, anaogopa kumwaga. Phoebe wa duka la mbao hajasahau. Hata hajaketi, ukamwambia, "Mama, hili duka la pili litakumaliza. Lifunge." Alinuna mwezi mzima, kisha akarudi na dada zake, wote wakawa wateja wako. Alisema heri mtu wa kumuumiza leo kuliko wa kumficha.

Ndiyo maana Jumamosi ile kwenye mkahawa pale Adams Arcade, ulipotoka kwa daktari ukaitisha chai kwanza, nilijua kuna habari mbaya inakushinda kusema. Ulinimiminia mwenyewe, ukanitilia sukari. Ukaniuliza habari za mvua na masomo ya mwanetu Tobias. Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikingoja useme, na hukusema. Mwishowe niliambiwa na daktari, nimesimama kwenye korido, wewe huwezi tena kuongea.

Wateja wote uliweza kuwaambia, mimi ukashindwa. Nilikasirika, Musili. Siku zingine bado nakasirika. Halafu nakumbuka vile kijiko kilivyokuwa kikigonga sahani mkononi mwako, hasira inaisha, nabaki kulia tu.

Simu yako hatujaizima, wateja bado wanapiga. Majuzi Mzee Kuria alikuja nyumbani na mkate kwapani. Alikuwa ng'ambo kwa binti yake, hakuwa amesikia. Alitaka kukuambia biashara yake sasa imesimama imara, kwamba ulisema kweli. Mama yako alikuwa ameshainjika chai. Nilimsimamisha mzee mlangoni nikamwambia hapo hapo, "Musili tulimzika." Aliweka mkate chini, mzee wa watu, akalia mpaka akatosheka.

Ndipo nikamkaribisha chai. Akavuta kiti chako akakikalia, kwa kuwa hakujua. Tulimwacha, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke meza ilijaa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Mukai, wanao Kavata na Tobias, mama yako Nzula, ndugu yako Haron na familia yake, pamoja na wateja wako waliokuwa rafiki zako. Hatujakusahau hata siku moja, na hatutaanza sasa.

Chai ile ya Adams sikuinywa, baba Kavata. Ungeniambia tu. Ningelia vizuri, na wewe ungekuwepo kunishika.