Mbegu si Busaa

Dada Aoko,

Sasa huko Gatina? Jael wangu siku hizi anaongea mpaka na kuku wa majirani.

Nyanya nilizopanda kwenye gunia zimeisha. Ile ya mwisho Jael aliililia kwa njaa, nikamnyima. Nikakamulia mbegu kwa kikombe, zikae zichachuke mpaka utelezi utoke, ndipo nizianike. Thuo anayeangalia ploti akasikia harufu: "Mama Jael, unanipikia pombe ya busaa hapa?" Akamwaga yote mtaroni.

Dada, sina mbegu na kwa nyumba hakuna chakula. Lakini mvua ikija nataka kupanda tena. Zile nyanya nilikuletea, kama imebaki hata moja, usiitupe. Hata ikiwa imeoza, nakuja kuichukua.

Mdogo wako huku Gatwekera,
Mama Jael