Chembe Nyeupe Kwenye Vanishi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla nyumba haijanishinda. Mimi ni seremala, karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba yangu huku shamba, barabara yetu ni ya udongo na pikipiki moja ikipita hata chai kikombeni inakuwa nyekundu, lakini hilo nilishalizoea, nimeziba madirisha yote kwa nailoni na mlangoni nimeweka pazia zito, sasa mama mkwe amekuja kumsaidia mke wangu aliyejifungua, na kila kukicha hata sisi hatujaamka ameshafagia ua mpaka mlangoni kwangu, na mimi kila nikipaka vanishi naikuta imejaa chembe nyeupe kama imenyunyiziwa unga, wateja wananuna, na mkwe huwezi kumwambia acha kufagia, ulimi unakuwa mzito, basi juzi nikauchukua ule ufagio nikauficha darini, kumbe ananiona.

Alimwambia binti yake tu, "Mwanangu, nyumba wanayokunyima ufagio wameshakufukuza." Sasa amefunga mkoba, anasema Jumamosi anarudi kwake, mke wangu ananitengea chakula na kuondoka, na mtoto bado mchanga kabisa. Nifanyeje mama asiondoke na vanishi yangu iwe safi?

Seremala Niliyekwama

*

Seremala,

Pole, najua inavyouma kazi ya jasho ikiharibika mwishoni. Pole yangu imeishia hapo. Hebu isome barua yako mwenyewe. Vumbi la kwenu linafanya chai iwe nyekundu, sivyo? Sasa mama wa watu anafagia unga mweupe wa wapi? Hizo chembe ni mbao yako, bwana. Unapiga msasa chumba hichohicho unachopakia vanishi, tena umeziba madirisha, vumbi litokee wapi? Linapanda juu, halafu linakushukia ukishafungua kopo. Nyani haoni kundule. Na mtu mzima unamwibia mkweo ufagio!

Kuanzia leo msasa upige nje, mahali ambapo upepo hauelekei nyumbani, na ujifunge kitambaa puani, maana mapafu hayauzwi dukani. Zoa maranda yote ndani. Futa kuta na dari kwa kitambaa kibichi, nyunyiza maji kidogo sakafuni, kisha ondoka ukale, vumbi litulie. Ukirudi usiingie na shati ulilopigia msasa. Futa samani unayotaka kupaka, iache ikauke, ndipo upake. Na usiingieingie kuichungulia kama imekauka, nawajua mafundi. Mwanao naye ana haki ya kuvuta hewa safi humo ndani.

Hayo ya mbao ni mepesi. La mama ni zito, na usimtume mkeo, wala usijifiche nyuma ya zawadi. Ushushe ufagio kwa mkono wako, umpelekee, useme, "Mama, nimekosa. Vumbi lilikuwa langu." Halafu nyamaza, usiongeze "lakini". Akikusema, sikiliza mpaka amalize. Akikataa kubaki, mbebee mkoba wewe mwenyewe mpaka kituoni, ukimwomba radhi njia nzima.