Neno Nililompa Kalisti

Ifakara, Jumamosi, Mei 1999

Mvua imekata tangu alfajiri, lakini mwili umechoka kama niliyebeba mpunga kutwa. Sijabeba kitu. Nimeshinda na aibu yangu tu.

Mimi darasani sikuingia. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa nimeshazaa wote. Anayeona herufi zangu zimepinda azisome hivyo hivyo.

Mtaa huu mpunga ukianza kuiva, watu wanahamia mashambani kuwinga ndege. Wanalala huko kwenye vibanda, na funguo za nyumba wananiachia mimi. Akija mtu wa nyumba hiyo, awe shemeji, awe mpwa, nampa. Huwezi kumuuliza mtu wa nyumbani anafuata nini ndani. Ni kumtukana.

Mjukuu wangu Agnesta ni mwalimu. Yeye na wenzake wa Chita, Kisawasawa na hata Masagati kule mbali wameanzisha jambo zuri: wanaandikiana kwa kompyuta. Aliyepata njia nzuri ya kufundisha somo anawatumia wengine, na aliyekwama anauliza. Kompyuta ya hapa iko kituo cha walimu. Wa Masagati husubiri mpaka washuke Mlimba, kwenye ofisi yenye simu. Wote walikuwa na sanduku moja la barua na neno moja la siri. Ukilijua hilo neno, unasoma ya kila mtu.

Likizo ilipoanza Agnesta akaenda shambani. Akaniachia ufunguo wa nyumba, na lile neno pia, ili mwenzao akilisahau apite kwangu.

Nikalitunza kama ufunguo. Hapo ndipo nilipokosea.

Kalisti, shemeji yake Agnesta, ni mwalimu pia, ila kundini hakuwemo. Alikuja na perege wawili na shikamoo ndefu. "Bibi, nipe lile neno, nikaangalie masomo yao. Au mimi si wa nyumbani?" Ni wa nyumbani. Nikampa.

Humo sandukuni Desderi wa Masagati, kijana mgeni kazini, alikuwa ameandika kwamba hesabu za sehemu zinamshinda. Anazifanya kwa kukariri, lakini mtoto akimuuliza kwa nini, hana jibu. Aliwaomba wenzake wamwelekeze. Si jambo rahisi mwalimu kuandika hivyo.

Kalisti akaenda kuisimulia kilabuni, kwenye pombe. Habari ikapanda treni. Sasa huko Masagati wanamwita Mwalimu Robo, mpaka watoto.

Leo asubuhi nilimfuata Kalisti kwake, nikamsema mbele ya mkewe.

"Bibi, utani tu. Desderi ni mtani wangu."

"Mtani unamtania kasimama mbele yako, akujibu. Wewe umemtania yuko Masagati. Huo ni umbea, na masharubu yako yote hayo!"

Mkewe akacheka. Yeye akainamisha kichwa. Sikupata raha niliyoitegemea, maana mlango niliufungua mimi.

Mchana Agnesta akarudi toka shambani, akaja na Desderi aliyeshuka kutoka Masagati, ale kwangu. Jumatatu kijana anataka kwenda ofisi ya elimu kuomba kuacha kazi. Nikamwambia kabla hajanawa: "Aliyelitoa lile neno ni mimi, si Agnesta." Akaitazama sahani. Wali wangu ukapoa mbele yake.

Nilitaka kumwambia kwamba aibu ya kutojua naijua. Lakini kisomoni tulikosea wote na tulichekana wote, kila mmoja kwa zamu yake. Yeye amechekwa peke yake.

Agnesta akasema neno la zamani wameshalibadilisha. Sasa kila mwalimu atakuwa na sanduku lake na neno lake, asilijue mwingine, hata mume, hata bibi. Anayetaka masomo atachapiwa masomo. Maswali ya mtu yatabaki kwa aliowaandikia. Aliposema "hata bibi" hakuniangalia. Ni haki yake. Iliniuma.

Tukaenda wote kituoni, Desderi akiburuta miguu. Agnesta akamtayarishia sanduku jipya, akampisha kwenye kiti. Kijana akaitazama tu mashine mpaka nikadhani anainuka. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu mchana.

"Bibi, geuka."

"Nigeuke mimi, nisiyejua hata hii mashine inawashiwa wapi?"

"Geuka tu, Bibi."

Nikaugeukia ukuta. Nikasikia vidole vyake vikigonga herufi moja moja, polepole, kama mtu anayepanda mbegu chache alizobakiwa nazo. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja.

Hakuandika kitu kingine. Alishukuru, akaenda kulala kwa ndugu zake. Sanduku lake lipo, na ndani hamna kitu.

Nilisema Jumatatu nitakwenda kukaa mlangoni pa ofisi ya elimu nimzuie. Agnesta kanikatalia: "Mwache, Bibi. Umeshamfanyia mengi." Sijui alikusudia mema au mabaya, na sikuuliza.

Basi nitabaki nyumbani. Mimi, ninayeingia kila nyumba bila kubisha hodi, nitakaa jikoni kwangu nisubiri kusikia alikokwenda.

Nitaweza kweli?