Mshale Uliorudi Palepale

Jumatatu, 3 Machi

Amejibu! Mwenye duara la kurasa za mtandaoni amejibu. Simu ililia nikiwa katikati ya kukata kioo cha kabati, nikaiacha ilie. Kioo hakimtaki mtu mwenye haraka. Nilipomaliza nikasoma nimesimama, hata glavu sijavua.

Anasema pole. Anasema wote wanaukumbuka ukurasa wa mke wangu na walishangaa ulipozimika. Kwa kuwa binti yetu ameurudisha mtandaoni, nafasi ipo. Ila masharti. Ukurasa lazima uwe na mtu hai nyuma yake. Na mtu huyo aweke mishale kwa mkono wake mwenyewe, asiwekewe. Ndivyo walivyoanza, ndivyo wanavyoendelea. Halafu yeye hupita kila mwezi kukagua, ukurasa baada ya ukurasa. Safari hii anapita Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Nimemwambia ndiyo. Sijui hata mishale inawekwaje.

Jumatano, 5 Machi

Binti kaja baada ya zamu yake hospitali, kanifundisha. Nadhani nimeelewa. Ni kurasa za watu wanaokusanya vitu vidogo. Mwenye duara anakusanya funguo, kwa hiyo wanamwita Bwana Funguo. Yupo Bwana Vijiko, yupo Mama Viberiti, na wengine wengi. Chini ya kila ukurasa kuna mishale miwili. Wa kushoto unakupeleka kwa jirani aliyetangulia, wa kulia kwa anayefuata. Ukibofya wa kulia tu bila kuchoka, unawatembelea wote mpaka unarudi ulipoanzia. Mke wangu, na vifungo vyake vya nguo, alikaa kati ya Bwana Vijiko na Mama Viberiti. Hakuwahi kuwaona kwa macho. Aliwaita majirani, na aliwasema kama majirani.

Nikamuuliza binti, tukirukwa je? Akasema ukurasa utabaki, Baba, ila hakuna atakayeupitia. Nyumba isiyo na njia.

Baada ya kuosha vyombo nimesoma kifungo changu cha leo. Kimoja kila jioni. Kimoja tu! Alipokuwa hai sikusoma, kwani nisome nini wakati mwenyewe yupo jikoni anasimulia? Sasa najibana. Kila kifungo kina picha na maneno yake chini. Cha leo ni cha mbao, kina alama za meno. Ameandika: «Binti yangu alikitafuna kwenye sweta ya jirani. Jirani alikitaka. Nikamwambia kimemezwa.»

Nimecheka peke yangu. Bado vingi. Nataka viwe vingi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeweka mishale! Nimekaa mbele ya kompyuta yake tangu nitoke dukani. Binti ametengeneza mambo kiasi kwamba nikibofya «hifadhi» tu, ukurasa unajipandisha wenyewe mtandaoni. Nilikopi maandishi aliyonitumia Bwana Funguo, nikayapachika chini kabisa, nikajaza anwani za majirani, nikahifadhi. Mishale ikatokea. Midogo, ya bluu.

Kuna kihesabu cha wageni kule chini. Mke wangu alikuwa akikitazama asubuhi kama mtu anayeangalia kama mvua imenyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Wageni wanamiminika. Sijawahi kuona. Kila nikifungua, namba imepanda. Shemeji, mdogo wake mke wangu, kapita dukani, nikamwonyesha kwenye simu. Akasema, «Shemeji, siku hizi umekuwa staa? Unaongea na vifungo, vifungo vinakujibu?» Kisha akanirudishia simu. Akasema dada yake apumzike sasa, watu wasio na sura wanamtafutia nini.

Nikasema wanakuja kumwona. Alichukua kipande cha kioo mezani akajitazama, akakirudisha.

Jioni nimesoma cha zambarau, kilichotoka kwenye gauni la bi harusi aliyeachwa. «Nguo alikuja kuichukua. Mume hakuja kumchukua.» Huyo ndiye mke wangu.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Barua pepe kutoka kwa Bwana Funguo. «Ndugu, mshale wako wa kulia haumpeleki mtu kwa Mama Viberiti. Unarudi palepale kwako. Nimebofya mpaka nikadhani kompyuta imelewa.»

Nilikopi anwani yetu badala ya ya jirani. Mtu akifika kwetu akitaka kuendelea, anarudishwa kwetu. Anabofya tena, kwetu tena. Ndio wageni wangu hao! Watu waliokwama.

Na Mama Viberiti naye ameandika. «Baba Vifungo, pole kwa msiba, nilimpenda mkeo. Lakini tangu Jumamosi hakuna anayefika kwangu kutokea upande wako. Umewafungia mlango watu wote.»

Baba Vifungo. Sijawahi kuitwa hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Sijarekebisha. Nilikaa, nikafungua, nikaangalia namba inapanda, nikafunga. Najua hawakuja kwa ajili yake. Lakini mtu akikwama si lazima atupe jicho? Hata kimoja tu, kile cha mbao?

Bwana Funguo ameandika tena, kwa kifupi. Jumapili alasiri anapita. Akikuta mshale mbovu au ukurasa mtupu, atamwambia Bwana Vijiko auelekeze mshale wake moja kwa moja kwa Mama Viberiti, na hapo hakuna tena njia ya kuja kwetu. «Sipendi, ndugu. Ila duara likikatika kwako limekatika kwa wote.»

Ana haki. Kesho.

Hata kifungo cha leo sikusoma. Sikustahili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefuta.

Nimefuta kila kitu. Nilitaka kuondoa ule mshale tu. Nikachagua maandishi, nikadhani nimechagua mstari mmoja, kumbe nimechagua yote, nikapachika mishale mipya juu yake, nikahifadhi. Ukajipandisha. Nikafungua kuangalia — mishale miwili imekaa juu ya weupe.

Mshale wa kulia unafanya kazi. Unakwenda kwa Mama Viberiti vizuri kabisa.

Binti kaja mbio na sare ya kazi. «Baba, hukuhifadhi nakala?» Nakala gani? Akajaribu njia zake zote. Akatafuta, akapiga simu kwa mtu, akatafuta tena. Picha zipo, maana zinakaa pembeni kwenye folda yake. Maneno hayapo. Mwishowe akaniwekea mkono begani, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenigombeza.

Nikamwambia sikuwa nimevimaliza. Hakuelewa. Nikamweleza, kimoja kila jioni. Akaniangalia. «Vingapi hukusoma?» Nusu. Labda zaidi ya nusu.

Alitoka nje ya mlango akalia huko, akidhani simsikii.

Jumamosi, 15 Machi

Sikufungua duka. Nimekaa na picha. Vile nilivyosoma nimeanza kuviandika upya kwa kumbukumbu. Cheupe chenye matundu manne: «Kilidondoka kwenye shati la kijana aliyekuja kupima dirisha, akasahau futi yake, akarudi kuichukua mara tatu.» Kijana huyo ni mimi. Mara tatu au mbili? Aliandika tatu. Nina hakika aliandika tatu.

Vinavyofuata natazama tu. Cha kahawia. Cha kijani. Cha mfupa. Cheusi kikubwa. Cha kahawia. Vimekaa kimya kama watu kwenye foleni.

Shemeji kaja na chakula. Akaona picha kwenye skrini, akaona uso wangu. Akasema, «Acha, Shemeji. Weka hivyo vichache, mwambie huyo bwana basi.» Nikamuuliza kama anajua hiki cha kijani kilitoka wapi. Akainama akaangalia muda mrefu. Hajui. «Dada hakuniambia kila kitu, ujue,» akasema, na sauti ikapasuka katikati. Kisha akavuta kiti. Hakusema tena habari ya kupumzika.

Nimemwandikia Mama Viberiti kumwomba msamaha. Nikamweleza yaliyotokea. Sikutegemea jibu.

Jumapili, 16 Machi

Jibu! Asubuhi hii. «Baba Vifungo, nilipokwama kwako nilikasirika, nikapiga picha ya skrini, ndefu, kuanzia mishale kwenda juu, nimwonyeshe Bwana Funguo ubovu wako. Samahani. Haifiki juu kabisa. Nakutumia.»

Picha imekuja. Ni yake! Maneno yake, kuanzia katikati mpaka chini. Nusu ile ile ambayo sikuisoma.

Binti alitaka kuyachapa yeye, ana mikono myepesi. Nikakataa. Wanasema mkono wangu, basi uwe mkono wangu. Kwa hiyo nimeyasoma. Yote, mfululizo, mchana mmoja, neno kwa neno, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili. Nilivyokuwa nikivitunza kwa ajili ya jioni zangu! Nilikuwa nimejipigia hesabu mpaka mvua za masika ziishe. Cha kijani kilitoka kwenye mkoba wa mwalimu wake wa darasa la kwanza. Cha mfupa alikiokota njiani akitoka kujifungua. «Mtoto mkono mmoja, kifungo mkono mwingine, mume amebeba beseni.» Kweli nilibeba beseni. Jekundu. Nilikuwa nimelisahau kabisa beseni hilo.

Shemeji ananisomea kutoka kwenye simu, mimi nachapa. Akifika kwenye kichekesho anacheka kwanza, halafu ndiyo anasoma, namwambia soma bwana. Binti anapanga picha.

Bwana Funguo ameshaanza kupita. Anatuma ujumbe kila ukurasa anaoukagua. Wa mihuri, sawa. Wa penseli, sawa. Ametutaka tuwe tayari.

Nimemaliza vyote. Isipokuwa kimoja. Ni kile cha kwanza kati ya nisivyosoma, pale picha ya Mama Viberiti inapoanzia. Ukingo wa juu umekata maneno. Kimebaki kipande cha mwisho tu: «…kwa mkasi, amelala. Hajagundua mpaka leo. Akiuliza nitakataa.»

Kifungo chenyewe ni cha kahawia, kina ukingo mwembamba mweusi. Binti akasema, «Baba, ni wewe huyo. Nani mwingine alikuwa akilala humu?» Shemeji akapiga makofi akacheka mpaka akashika mbavu. «Mwizi! Kakuibia kitandani!»

Ujumbe: yuko kwa Bwana Vijiko. Mshale sawa. Anakuja kwetu.

Nimeinuka nimefungua kabati. Nguo zangu zote ziko nje, juu ya kitanda.

Ujumbe: «Nimefika, ndugu. Karibuni tena kwenye… subiri. Hiki cha kahawia mbona maneno yake hayana mwanzo? Kimeharibika? Nikirekodije?»

Binti ananiita kutoka sebuleni, anauliza amjibu nini. Nimemwambia amwambie asubiri, asiendelee kwanza. Makoti nimeyapekua, hakuna. Suruali, hakuna. Sasa mashati. La kwanza limetimia. La pili limetimia. La tatu hili, mkono wa kushoto: nyuzi zilizokatwa tu, kifungo hakipo.